Mbwa Aliyenirudishia Mbuzi

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu. Nilikuwa nimesimama kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu nje ya Kakuma, mbuzi wa baba yangu katikati, mimi upande huu, mbwa upande ule, na hakuna aliyejua mwenzake anataka nini. Ngoja nianzie mbali kidogo, maana kisa hiki hata leo nikikisimulia nachanganyikiwa.

Palikuwa na daktari wa mifugo, mgeni kutoka ng'ambo, aliyekaa Lodwar miaka michache. Mimi nilimbebea sanduku la sindano tukichanja mbuzi kuanzia Kalemng'orok mpaka Nakalale. Alikuwa na mbwa wake, Jeki, mweusi mwenye shingo nyeupe, manyoya marefu ya kutia huruma kwa jua letu hili. Jicho lake moja lilikuwa la kahawia, la pili buluu kama ukingo wa sahani ya bati. Daktari alipomaliza kazi yake akaniachia mbwa huyo. Kwao, aliniambia, mbwa wa aina hiyo huchunga kondoo milimani.

"Usifunge yeye," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Yeye nataka kazi. Bila kazi napata wazimu."

Nikasema sawa, sawa. Sikuuliza kazi yenyewe anaifanyaje. Kijana akipewa kitu kizuri huona haya kuuliza kinatumikaje, na wewe unajua ninachosema, simu ile mpya uliiharibu baada ya siku ngapi?

Basi nikaenda naye nyumbani nikijigamba. Mgeni njoo mwenyeji apone, niliwaambia. Mbwa wetu unawafahamu: hulala kivulini, fisi akija hubweka, kazi imekwisha. Huyu hakulala. Siku ya kwanza aliwazunguka kuku mpaka wakajazana kwenye kona ya boma. Siku ya pili aliwakusanya watoto waliokuwa wakicheza, akawabana pamoja, asiume, asibweke, anawatazama tu. Akiona mbuzi ndiyo kabisa. Tumbo chini, shingo mbele, lile jicho la buluu limemkazia mbuzi mmoja, kisha anatambaa. Mwanangu, kwetu anayetambaa hivyo mbele ya mbuzi ni yule anayetaka kumla. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mbwa ana jicho baya. Mama mmoja Msudani, aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi kununua beberu, alimwona akafanya ishara ya msalaba, akaondoka bila beberu.

Mimi mwenyewe sikujua nimwamini nani. Daktari alisema mchungaji. Macho yangu yaliniambia mwizi.

Mwaka huo mvua ilikataa. Visima tulivyochimba mchangani vilikuwa na zamu, siku moja yetu, siku moja ya wengine, na zamu ikikupita imekupita, kwa sababu mbuzi wa mwenzako tayari wamekupumulia mgongoni. Siku ya zamu yetu nikamchukua Jeki anisaidie. Nikakaa nyuma ya mbuzi na fimbo yangu, kama baba, kama babu, nikiwasukuma kuelekea maji. Tulipokaribia, Jeki akachomoka. Akazunguka mbali sana, akatokea mbele, kati ya mbuzi na kisima, akainama, akakodoa macho. Mbuzi wakageuka wakanijia mbio.

Nikawasukuma tena. Akawarudisha tena. Nikienda kushoto, yeye anaenda kulia. Nikifoka, analala chini kidogo, ananitazama, kisha anawaleta. Waliokuwa wakichota maji walicheka mpaka makarai yakawaponyoka. Zamu ikapita. Tulipewa masalia ya matope jioni, na asubuhi vitoto viwili vya mbuzi havikuinuka.

Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Zamu ijayo huyo akikanyaga kisimani, namchoma mkuki."

Nilimpenda yule mbwa, mwanangu, nisikufiche. Kwa hiyo siku ya zamu nilimfunga kamba nyumbani, kinyume kabisa na nilivyoambiwa. Tukaenda mimi na baba na mbuzi. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa ametangulia kama zamu iliyopita, amekaa kwenye ukingo wa kisima akitafuna tumbaku yake. Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi tu nilipomwona Jeki anakuja na kipande cha kamba shingoni, amekitafuna. Kabla sijamwita akawa ameshazunguka mbele. Mbuzi wenye kiu ya siku mbili, ambao pua zao zimeshanusa maji, wakageuka tena.

Hapo nikampiga. Hasira hasara, tunasema, lakini mdomo husema na mkono hufanya. Nilimpiga kwa fimbo ya kuchungia, mara tatu, mbavuni. Alilia mara moja. Akaenda kando akichechemea, akanitazama, halafu, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa hadi leo, akazunguka tena upande ule ule, akawaleta mbuzi wote, mmoja asibaki, mpaka miguuni pangu. Nilimpiga kwa kunirudishia mbuzi, naye akaongeza bidii kunirudishia.

Baba akainua mkuki.

"Ekai!" Nyanya akaniita kutoka kisimani. "Kuja uniinue. Mguu imekufa ganzi."

Mkuki uko juu, mbuzi wanalia, na bibi kizee anataka kuinuliwa! Lakini kwetu nyanya haambiwi ngoja. Nikakimbia, nikapita katikati ya mbuzi, nikamfikia, nikamshika mkono. Nyuma yangu nikasikia kwato. Nilipogeuka, Jeki alikuwa amehama, yuko nyuma ya kundi, tumbo chini, na mbuzi wote wanakuja kwetu kwa upole, moja kwa moja mpaka kwenye hori la maji. Wakainamisha vichwa wakanywa. Baba alikuwa bado ameshika mkuki juu, kama mtu aliyesahau aliutolea nini.

"Sasa umeona?" nyanya akauliza. Hakuwa na ganzi yoyote.

"Sijaona, nyanya."

"Hii mbwa inakuletea wewe mbuzi. Pahali unasimama, inaleta hapo. Wewe unasimama kule nyuma, ilete wapi?"

Nikamuuliza mbona juzi alinyamaza. Akatema tumbaku. "Juzi nilifikiri mbwa ndiyo mjinga. Leo umeipiga na imerudi kukuletea tena. Nikajua mjinga ni nani."

Asiyekujua hakuthamini, mwanangu. Toka siku hiyo nilitangulia mbele, Jeki akaleta nyuma, na hatukukosa zamu tena. Baba alianza hata kumsifia kwa wageni, kana kwamba yeye ndiye aliyemleta. Waliocheka wakaja kuomba tuwaazime.

Lakini Jeki hakuja tena mpaka mkononi mwangu. Nilimwita, akaja mpaka umbali wa hatua ishirini, akalala, akanitazama. Chakula chake nilikiweka chini nikaondoka, ndipo akala. Kwa nyanya alikuwa akilaza kidevu juu ya miguu yake. Mimi nilipata mbuzi wangu wote, kila jioni, bila kukosa hata mmoja, na mbwa sikumpata. Nilijuta sana, na majuto ni mjukuu. Miaka mingi baadaye, alasiri moja, niliona mbuzi wametulia na Jeki amelala ng'ambo yao, uso wake kwangu. Nikafikiri anangoja nihame. Nilihama kushoto, nikahama kulia. Hakuhama. Nikajua amekufa.

Juzi ulinipigia simu kutoka kwenu Kanamkemer ukisema mkeo ni mkaidi, kwamba kila unachotaka yeye hufanya kinyume, na kwamba siku moja mkono utakutoka. Usinielewe vibaya, simlinganishi mke wako na mbwa. Wewe ndiye ninayekulinganisha na mimi. Nenda kamuulize, kabla ya neno lingine lolote, anadhani wewe unataka nini. Kisha jitazame umesimama wapi. Huenda anakuletea kila kitu mpaka miguuni, na wewe umeweka miguu mahali pabaya. Na huo mkono, mwanangu, ufunge. Ukimpiga, atakusamehe, akupikie, akulelee watoto, akutunzie nyumba, na bado atalala hatua ishirini kutoka kwako maisha yake yote.

Sijui kwa nini Jeki aliendelea kunitumikia baada ya fimbo ile. Nimewauliza wachungaji wa mbuzi na wachungaji wa kanisa, wote wametikisa kichwa. Labda wewe utakuja kujua uniambie.

Sasa inamisha kichwa huko uliko, nakunyunyizia maji ya baraka kwa mdomo wangu huu mkavu. Zamu yako isikupite. Mbuzi wako wanywe, mkeo anywe, na wewe unywe nao, karibu nao. Na atakayekuja kwako akija, aje mpaka mkononi.