Chaza Wangu na Ndoo Moja ya Bibi

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wa umri wangu wana mashamba Kang'ata, wana pikipiki, wana wake wa kuwagombeza. Mimi nina sebule. Natengeneza redio na taa za sola mezani pangu, mteja akiondoka narudi kitini. Kutoka hapa Handeni mjini kwenda Mkata, kwangu ni safari ya kuaga watu. Mtu kama huyo ndiye aliyeamua kufuga chaza wakubwa wa baharini.

Ilianza na video za simu. Nikaona mnyama mwenye maganda mawili kama mabakuli yaliyofunikana, na katikati nyama ya buluu na kijani yenye madoa, kama khanga ambayo haijafuliwa hata mara moja. Hatembei. Anakaa mahali pamoja chini ya taa, na mwanga wenyewe ndio unaomlisha. Nikasema moyoni, huyu ni ndugu yangu kabisa. Jamaa mmoja wa Tanga, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mabwawa ya kuwalelea, akanipatia watatu, kila mmoja kama andazi.

Tangi la kioo niliunda mwenyewe. Maji ya bahari yalikuja kwa madumu, kwenye buti la basi kutoka Tanga, na dumu la kwanza liliposhushwa mtaa mzima ukajua nina mikosi. Huku kwetu maji ya bahari hayana kazi nyingine: unayaoga, unasema maneno yako, nuksi inaondoka. Madumu yalipofika kumi na mawili watu wakaanza kunipa pole. Mama mmoja wa genge aliniuliza kwa upole ni nani nilikuwa nimemkosea hivyo.

Bahari yangu ilikuwa inapungua kila siku kwa joto, na mimi kwa akili zangu za kidato cha nne nikawa naongeza maji ya bahari. Imepungua bahari, tia bahari. Nilisahau kwamba yanayopaa ni maji, chumvi inabaki palepale inakungoja. Baada ya wiki chache ungeweza kukaushia samaki wa ng'onda mle ndani. Chaza mmoja akafungua maganda, hakuyafunga tena, na harufu yake ikawamaliza wateja wangu wa redio.

Ndipo nikajifunza kwamba cha kuongeza ni maji yasiyo na chumvi, tena safi. Ya kisima chetu yana magadi. Ya bomba yana dawa siku yanapotoka, na hayatoki. Yakabaki ya mvua. Nyuma ya nyumba nilikuwa na tangi kubwa linalokinga maji ya bati. Nikalitia kufuli kwenye koki, nikatoboa ukuta, nikapitisha mpira mwembamba hadi sebuleni, ukawa unadondosha tone mojamoja mchana kutwa. Ti. Ti. Nilijisifu sana kwa ule mpira.

Mwaka ule vuli ilipita bila kunyesha. Watu wakawa wanafuata maji lamboni, wanarudi na ndoo za maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Jirani yangu, bibi mmoja mjane, naye alikuwa mmoja wao. Si bibi yangu wa damu. Ila nilipolala na homa, miaka miwili kabla, ndiye aliyenipikia uji wiki nzima kwa maji aliyoyabeba kichwani kutoka hukohuko lamboni. Sasa alikuwa akimuuguza kaka yake aliyeletwa kutoka Korogwe, mzee aliyebanwa kifua.

Asubuhi moja akaja mlangoni na ndoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mgonjwa chai ya maji ya kisima haimpiti. Anasema namnywesha dawa ya mbu. Nitilie ndoo moja ya mvua. Hata ikiwa nusu."

Hesabu ilipita kichwani haraka kuliko aibu. Ndoo moja ni siku sita za chaza.

"Limekauka, bibi," nikasema. "Jana ndiyo nimekomba ya mwisho."

Nyuma yangu, ti. Ti. Nikakohoa, nikaendelea kukohoa, mpaka akanipa pole ya kifua.

"Haya, Mungu ataleta," akasema, akaondoka na ndoo yake tupu.

Kaka yake alifariki baada ya siku sita. Sisemi alikufa kwa kukosa chai. Alikuwa mtu mzima sana, na kile kifua kilikuwa kimeshamchosha. Hayo najiambia mara nyingi, na kila nikishajiambia naona nahitaji kujiambia tena.

Sasa, huku kwetu msiba hauishii kwenye ukuta wa mfiwa. Nyumba za majirani zinafunguliwa, mikeka inatandikwa, wageni wanakaa popote penye kivuli. Hilo nalijua tangu utotoni, na siku ile nililisahau. Nilikwenda kuchimba kaburi, mimi ambaye jembe nalijua kwa sura tu, nikarudi na malengelenge niliyotaka yaonekane. Nikawakuta wazee kama kumi wamekaa sebuleni kwangu, kimya, wameelekea bahari yangu. Walikuwa wanasikiliza. Chaza wangu wawili, kwa vile vivuli vya watu, walikuwa wamejifunga kabisa. Wao walikuwa na pa kujifungia.

Akaingia mtani. Ni Mnyamwezi, ingawa amezaliwa hapahapa. Babu yake aliletwa kukata mkonge upande wa Korogwe, na Kinyamwezi alichobaki nacho ni cha kututukania sisi Wazigua. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote na kuchukua chochote.

"Wazee, mnasikia ninachosikia mimi?" akauliza. "Au ni malaika wanahesabu?"

Akaushika ule mpira kwa vidole viwili, akaufuata hadi ukutani, akatoka nje, akaufuata hadi kwenye tangi. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Tangi tupu hulia kama ngoma. Langu liliguna.

"Bibi," akaita, "njoo umwone mjukuu wako. Mlikuwa mnasema hajaoa. Ameoa, tena wawili, wa buluu. Amewaweka ndani, anawanywesha maji ya mvua kwa tone wasije wakapaliwa. Shida ya mgonjwa wetu ni kwamba hakuwa na maganda."

Watu walicheka, hata waliotoka kulia. Nami nikacheka. Maneno ya mtani hayakasirikiwi. Ukikasirika, umekiri mara ya pili.

"Lete ufunguo," akaniambia.

"Mtani, hawa viumbe watakufa."

"Wakifa tutawazika. Si umeshajua kuchimba?"

Nikautoa. Akaenda kuufunga kwenye pindo la khanga ya bibi, mafundo mawili. Kitu alichochukua mtani msibani hakidaiwi kwa nguvu. Unakikomboa kwa aliyepewa, naye akipenda. Siku tatu za matanga, wali na chai vilipikwa kwa maji yale, watu wakatawadha kwayo, na mimi ndiye niliyekuwa nazungusha vikombe. "Chai ya huku tamu," mgeni mmoja alisema. Nikamwongezea.

Wageni walipoondoka nikamfuata bibi. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, na kuku mmoja. Nikamkuta anachambua mchele.

"Bibi, ile siku ya ndoo..."

"Ile siku nilisikia," akasema, bila kuinua macho. "Maji yalikuwa yanadondoka nyuma yako. Nikasema labda limempasukia bomba huyu mtoto, anaona aibu kusema."

Akaendelea kuchambua. Yule kuku akampokea kwangu. Ningependa zaidi anitukane.

Ufunguo sikuuomba, naye hakunipa. Ule mpira nimeung'oa, tundu nimeliziba kwa saruji. Masika yamekuja, tangi limejaa, jirani mwenye shida anakwenda kwa bibi, anafunguliwa. Nami nakwenda, kila asubuhi, na jagi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wameamka na kiu?"

"Kidogo."

Anajikongoja hadi nyuma ya nyumba yangu, anafungua fundo la khanga, anafungua kufuli, ananishikia jagi mwenyewe. Hajaninyima hata siku moja. Juzi nilimwambia nusu inatosha. Akaliangalia jagi, akaniangalia mimi, akalijaza.