Kola Isiyo na Mstari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, alasiri ya Jumapili mwaka 2018, pale mtaani Northfield, ughaibuni, nilipokula kitu kisichokuwa changu. Usidhani nilikuwa mtoto. Mvi nilikuwa nazo tayari, akili ndiyo ilikuwa haijakomaa.

Jirani yangu Mzee Okafor, Mwigbo, hakuzungumza na mgeni jambo lolote la maana kabla ya kutafuna kola, kokwa ya kwao ya kukaribishia wageni. Aliishika ile kokwa chungu, akaiombea kwa Kiigbo, kisha akaipasua na kuhesabu vipande. Vikiwa vinne alifurahi kweli. Siku hiyo kokwa haikuwa na hata mstari mmoja wa kuipasulia. Akaiweka kwenye kisahani mbele ya kiti kitupu, akaniambia kola ya namna hiyo hailiwi na mtu, ina wenyewe. Akaenda jikoni kutafuta nyingine.

Mimi na ujuaji wangu nikaitia mdomoni, nikaitafuna yote. Aliporudi alikitazama kisahani, halafu akakitazama kile kiti kwa muda mrefu. Mimi hakunitazama.

"Wamekuona," akasema, akakaa.

Nilicheka njia nzima. Jioni, mezani, nikameza tonge la ugali, na kutafuna kukaendelea. Taratibu, kando ya sikio langu. Mke wangu akaliweka tonge lake chini.

"Baba Zawadi, si umeshameza? Sasa nani anatafuna?"

Tulizima televisheni, tukatafuta panya mpaka nyuma ya friji. Siku ya tatu alifungasha nguo akaenda kwa dada yake, mtaa wa Balsall Heath, akasema kwenye meza ile harudi. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuzeeka nikila peke yangu, na yule asiyeonekana.

Nikanunua kola, nikaenda kwa Mzee, nikakiri. Hakunigombeza. Aliiombea, akaipasua, ikatoka vinne. Kipande kimoja akakiweka mbele ya kiti kitupu, tukasubiri. Kisha nikasikia kutafuna kulekule, safari hii kunatoka kitini. Sikugeuza shingo.

Mke wangu alirudi Ijumaa. Mpaka leo nikimeza hunitazama koo kwanza.

Basi ukiingia kwa watu ukaambiwa kitu fulani kina mwenyewe, usiulize mbona humwoni. Kiache. Mungu akujalie fungu lako, ulile na wako mezani, na ukishameza, pawe kimya.