Dalali Asiyejibiwa Salamu

Msianze kuniuliza kama siku ile nilikuwa nimekunywa. Sinywi, na wala siamini kila uvumi unaopita hapa Masumbwe, na hapa uvumi haukauki. Ninachowasimulia kilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua bado linawaka, na kaburi la mama yangu liko kule Ibadakuli kuwa shahidi wangu. Asiyeamini aende akaangalie.

Mimi nauza vifaa vya wachimbaji: buti, tochi za kichwani, kamba, sululu. Nilikuwa naishi na mama katika chumba cha kupanga, ukuta kwa ukuta na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mama alikuwa amelima maisha yake yote huko vijijini Shinyanga, mpaka baba alipofariki na ndugu wa baba wakagawana shamba. Nikamchukua nikae naye. Hakuwa mtu wa kutaka mengi. Alitaka uwanja wake tu, wa kufagia asubuhi na kuanika karanga, na siku ikifika azikwe humo humo.

"Nisije nikazikwa kwa mwenye nyumba," aliniambia siku moja.

Nikacheka. Nikamwambia mpangaji hazikwi kwa mwenye nyumba, kwa hiyo aondoe wasiwasi. Yeye hakucheka.

Basi nikafunga duka, nikapanda gari kwenda Shinyanga mjini kutafuta kiwanja. Nilipouliza madalali wanakaa wapi, nikaelekezwa kwenye kibao cha rangi nyekundu: VYUMBA, NYUMBA, VIWANJA. Chini ya kibao hapakuwa na mtu, isipokuwa mzee mmoja mwembamba aliyekaa mwisho wa benchi, koti lake limefungwa vifungo vyote na joto lote lile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!" Alinyanyuka haraka, akanitazama kwa furaha iliyonishangaza. Salamu tu, jamani, mtu anafurahi hivyo?

Akajitambulisha kuwa ni Baba Kulwa. Nikaomba namba yake ya simu, akasema hana. Dalali asiye na simu, nyie mmemwona wapi? Nikatoa hela ya usumbufu, ile wanayodai kabla hata hujaonyeshwa kitu, akaikataa. Mimi ni mfanyabiashara, na mtu asiyetaka hela yangu hunitia shaka kuliko anayeitaka. Tukapanda bajaji mpaka Ibadakuli, yeye kimya njia nzima. Tuliposhuka, dereva akachukua nauli ya mtu mmoja. Nikadhani kakosea, nikaondoka haraka kabla hajakumbuka. Mnaona nilivyokuwa mjanja?

Kiwanja chenyewe kilikuwa nusu ya uwanja mpana, kimezungushiwa minyaa iliyoshonana vizuri. Mzee alinizungusha mpaka wote kwa miguu. Badala ya kukisifia, akaanza kukisema vibaya.

"Kona hii maji ya mvua yanasimama. Usije ukachimba choo hapa. Na upande ule udongo ni laini, msingi uende chini sana."

"Sasa baba, unauza au unanifukuza?"

"Nataka ununue unachokijua," akasema. "Na bado hujaona kitu. Kiwanja ni majirani. Twende."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tulimkuta baba mmoja anaziba pancha ya baiskeli mbele ya nyumba yake. Baba Kulwa akasimama kwa heshima, akatoa salamu ya Kisukuma ya saa zile za mchana: "Mwadila." Yule baba hakuinua kichwa. Niliposalimia mimi, akaitika vizuri tu na kuniuliza natokea wapi. Tukaenda kwa akina mama waliokuwa wakibangua karanga. "Mwadila," mzee akasema. Kimya. Nikasalimia mimi, wakaitikia wote, wakanipa na karanga.

Nyumba ya tatu ikawa hivyo hivyo. Kwetu mtu kunyimwa salamu si jambo dogo. Mwizi husalimiwa. Mlevi husalimiwa. Mtu akinyimwa salamu na mtaa mzima, kuna alichofanya, na ni kikubwa. Nilimtazama yule mzee. Akawatetea.

"Wamechoka na kazi," akasema.

Nikamuuliza mwenye kiwanja ni nani. Akaonyesha nyumba iliyo upande wa pili wa ule uwanja. "Ni mke wangu. Yuko peke yake, watoto wako machimboni. Anauza nusu ili apate jirani, mtu wa kumwita akiumwa. Nenda ukaongee naye."

"Twende wote."

"Mimi siku hizi siongei naye, mwanangu."

Kumbe hata mke! Nikajisemea, huyu mzee ni mchawi au tapeli, na mimi sitaki kimojawapo. Nikamwambia nitafikiria. Mimi ni muuza duka, naijua sana hiyo "nitafikiria", ni ya mteja asiyerudi. Naye aliijua.

"Sawa," akasema taratibu. "Ila usichelewe. Mama yako hana muda mrefu."

Niaminini, sikuwa nimemtajia mama. Nilikumbuka hilo nikiwa tayari kwenye bajaji, na badala ya kurudi nikamhimiza dereva aongeze mwendo.

Kesho yake nikapata dalali mwingine. Huyo alikuwa na simu mbili na pikipiki, na watu walimwita Mheshimiwa. Kila tulipopita alisalimiwa. "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" Mpaka wauza vocha walimpungia mkono. Moyo wangu ukatulia. Akanionyesha kiwanja upande wa Ngokolo, hakikuwa na kasoro hata moja, kwa maneno yake. Majirani hatukuwaona, alisema wako kazini. Bei ilikuwa na cha juu, ile nyongeza dalali anayojiwekea juu ya bei ya mwenye mali, nami nilijua, lakini nikalipa. Mtu anayependwa hivyo na watu ataniibia?

Nilimpeleka mama akione. Alikaa chini, kwenye udongo mtupu, akavua kandambili. "Hapa jiko," akasema. "Pale karanga. Na pale kwenye kivuli mtanilaza." Sijawahi kumwona mama akiwa na furaha kama siku hiyo, na nikiikumbuka nashindwa kula.

Msingi ulikuwa umefika magotini ndugu wanne walipotokea. Kiwanja kilikuwa cha urithi, na aliyekiuza alikuwa mdogo wao wa mwisho, bila wao kujua. Majirani wote walijua habari hiyo. Kama ningewasalimia tu, wangeniambia. Simu zote mbili za Mheshimiwa hazikupatikana tena. Msingi ukabomolewa mbele ya mama, naye akatazama mpaka tofali la mwisho. Tukarudi Masumbwe, kwenye kile chumba, kwenye karasha. Mama hakunilaumu. Aliacha tu kuzungumzia uwanja, kisha akaanza kuacha chakula.

Ndipo nilipomkumbuka yule mzee na lile neno lake. Nikarudi Ibadakuli kumtafuta. Yule baba wa baiskeli alinikumbuka.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unazunguka hapa unaongea peke yako? Tulikuhurumia, tukadhani umefiwa."

"Nilikuwa na Baba Kulwa. Mlikataa kumwitikia."

Baba yule akaiacha baiskeli ikaanguka. Alinishika mkono, akanipeleka nyumba ya upande wa pili wa uwanja, na mama mmoja mtu mzima akatoka. Alikuwa Mama Kulwa. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo siku ile sikufika, palikuwa na kaburi la saruji, la siku nyingi, limeanza kuota majani pembeni.

Nikamweleza yote, mpaka lile koti. Akalia kwa muda mrefu. Akasema mumewe alikuwa dalali maisha yake yote, na alipokuwa anaumwa alimwahidi kwamba hatamwacha bila jirani. Akafa kabla hajampata jirani huyo. Madalali wengine waliacha kuleta watu kwa sababu Mama Kulwa aliwakatalia cha juu.

"Anafanya kazi mpaka sasa?" aliniuliza. "Na watu hawamwitikii?"

Hela ya kununua sikuwa nayo tena. Mama Kulwa akasema tusiongelee hela, nimlete mama yangu wakae wote. Nikaondoka mbio. Nilifika Masumbwe nikakuta majirani wamejaa mlangoni, na karasha, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale, imezimwa.

Nilimpeleka hata hivyo. Mama aliingia kwenye uwanja wake amelala. Tulimzika karibu na minyaa, mbali na ile kona ya maji. Watu walipoanza kutawanyika, nikasikia nyuma yangu: "Mwadila." Hakuna aliyegeuka. Mimi niligeuka. Alikuwa amesimama kwenye minyaa, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwadila, baba," nikaitika.

Mama Kulwa akanidaka mkono. Hakuuliza ni nani. Aliuliza, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha. Akakaza macho, akakaza, hakuona kitu. Lakini akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mwadila, Baba Kulwa." Yule mzee akainamisha kichwa kama mtu anayetua mzigo. Nilipofuta machozi nitazame tena, palikuwa na minyaa tu.

Tangu siku ile siachi salamu ipite bila kuitika, hata nisipoona anayesalimia. Hapa Masumbwe wananicheka, na wacheke. Na wewe unayetafuta kiwanja, nisikilize. Usimpime dalali kwa wanaomchekea. Muulize kasoro za kiwanja, akisema hakina, ondoka. Rudi peke yako siku nyingine, ugonge kwa majirani, uwasalimie. Mimi nilimpata dalali aliyenifanyia yote hayo bila kuombwa, nami nikamkimbia.

Siku hizi huwa naenda kukaa na Mama Kulwa kila ninapoweza kufunga duka. Kama kesho yake ningerudi kwa yule mzee badala ya kutafuta dalali mwingine, ule uwanja angekuwa anafagia mama. Sasa nafagia mimi.