Mama Anapobana Pumzi

Kila asubuhi baada ya chai, Romana alipoanza kufuta makombo ya mkate mezani, binti yake Brina alianza kujitafutia kazi. Mtoto ambaye siku nyingine ilibidi asukumwe ndipo alete kuni, saa hiyo alizileta bila kuambiwa. Aliwawekea kuku maji, akarudi akamwaga yale maji, akawawekea mengine. Alimsugua paka manyoya mpaka paka akachoka akaondoka zake. Romana alimtazama kupitia dirishani. Alijua mtoto anakimbia nini. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe, anayefuta meza ambayo imeshang'aa, anakikimbia hichohicho.

Walikuwa wanakimbia hesabu.

Waliishi kwenye shamba dogo mlimani, juu ya mji wa Tolmin, mahali ambapo theluji hung'ang'ania nyuma ya nyumba mpaka Aprili. Silvo, mume wa Romana, alifanya kazi ya zamu kiwandani huko bondeni. Mama mkwe wake, Justina, alikaa chumba cha chini na hakuna neno lililosemwa jikoni ambalo halikumfikia. Brina alikuwa na miaka kumi. Katika kusoma hakuwa na mpinzani. Gari la maktaba lilipopanda mlimani alishuka kukutana nalo njiani, akarudi amekumbatia vitabu mpaka kidevuni. Lakini mweke mbele ya hesabu ya kugawanya, midomo inamkauka, na mara mbili alitapika kwenye sinki.

Mambo yalianzia shuleni. Mwalimu alimwita ubaoni aseme jedwali la saba, akakwama katikati, mwalimu akamwambia asimame hapohapo mpaka akumbuke. Alisimama. Watoto walianza kucheka, kwanza chinichini, kisha bila kujificha, na Brina akajikojolea mbele ya darasa zima. Hakusimulia nyumbani. Romana alipata habari dukani, kutoka kwa mama wa mtoto mwingine aliyedhani Romana ameshajua. Kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza alikuwa ameshapeleka taarifa kwamba Brina atasomea nyumbani. Sheria iliruhusu, kwa sharti kwamba mwezi wa sita mtoto arudi shuleni hapo kufanya mtihani. Akishindwa anarudia Agosti. Akishindwa tena, anarudi darasani.

Romana alimwahidi mtoto kwamba harudi. Aliahidi haraka, akiwa amempakata, bila kujiuliza ni nani atakayemfundisha hizo hesabu.

Kwa maana Romana naye alikuwa na lake. Ujanani alitaka kuwa muuguzi, na hesabu ndizo zilizomkwamisha. Akaishia kwenye kiwanda cha mikate, akaolewa, akahamia mlimani, na hakumwambia mtu yeyote, hata Silvo, ni kwa nini aliacha masomo. Sasa kila jioni alijifungia chooni na kitabu cha darasa la tano akijaribu kuelewa somo la kesho, na kila asubuhi alikaa kando ya mtoto huku akitabasamu kwa nguvu.

Alijaribu kila njia. Alimwahidi peremende. Alitunga nyimbo za majedwali. Alimwaga kokwa za jozi mezani wazigawe mafungu, na Brina akazigawa vizuri kabisa, lakini alipoambiwa aandike alichofanya, kalamu ikaganda mkononi. Silvo alisema mtoto aachwe, atakua. Justina alisema zamani hakukuwa na hofu ya hesabu kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuuliza kama unaogopa.

"Mnambembeleza mno," alisema. "Mleteni Pavla."

Pavla alikuwa mdogo wake Justina, mwalimu wa hesabu mstaafu kutoka Nova Gorica, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuja mwishoni mwa Machi na begi moja na saa ya mezani. Asubuhi ya kwanza alimkalisha Brina, akampa karatasi ya maswali, akaiweka saa katikati yao. Akamwambia asiogope, ni kupima tu mtoto amefika wapi. Romana alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

Brina aliandika jina lake. Akalitazama swali la kwanza, akamtazama mama yake, akaomba kwenda chooni.

Hakurudi.

Mwanzoni walingoja tu. Kisha Romana akagonga mlango wa choo, akaufungua, hamna mtu. Koti la mtoto lilikuwa bado limetundikwa, lakini viatu vyake vya mvua havikuwepo. Romana alizunguka nyumba akiita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwitia chakula, kwa sababu aliona akipiga kelele tu jambo litakuwa kweli. Aliingia zizini, akapanda darini kwenye nyasi kavu. Hakuna.

Theluji ilikuwa inayeyuka siku zile na kijito chini ya malisho kilikuwa kimefura, maji ya kahawia yanayovuma mpaka nyumbani yanasikika. Romana alipokumbuka kijito, miguu ilimwenda yenyewe. Alishuka mteremko wa malisho akiteleza, akaanguka, akainuka, akatembea ukingoni akitazama kila kitu chekundu, kwa sababu sweta la Brina lilikuwa jekundu. Hapo sasa alipiga kelele. Maji yalikuwa na sauti kubwa kuliko yake. Alijiambia kwamba akimpata hai atamrudisha shule kama anataka, atamtoa kama anataka, hataki tena mtihani wala cheti, wala hataki kuitwa mama hodari. Aliendelea kutembea.

Aliyempata Brina ni Pavla. Alikuwa amefuata nyayo kwenye tope nyuma ya nyumba mpaka kwenye kibanda cha nyuki cha Silvo, ambacho mizinga yake imepangwa ukutani kama droo za kabati, na ndani kuna nafasi ya mtu kukaa. Hakuingia. Alimpungia mkono Romana kutoka juu, akamwonyesha mlango, akasogea pembeni.

Brina alikuwa ameketi sakafuni, ameegemeza mgongo na sikio kwenye mizinga. Mle ndani mlikuwa na ujoto kidogo na harufu ya nta. Romana alikaa chini kando yake, sketi imelowa mpaka kiunoni.

"Umenitisha, mwanangu," alisema. "Nilikuwa kule mtoni."

"Sikwenda mtoni."

"Kwa nini hukusema tu kwamba hutaki? Bibi Pavla asingekumeza."

"Si Bibi Pavla." Brina alikuwa akichokonoa tope la kwenye kiatu. "Ukisikia utalia."

"Silii. Sema."

"Nikiandika namba, unabana pumzi. Nikipatia ndiyo unapumua. Nikikosea huiachii, unatabasamu tu. Basi mimi siangalii namba, Mama. Nasikiliza pumzi yako."

Romana alitaka kukana. Alifungua mdomo aseme kwamba si kweli, kwamba yeye hana wasiwasi hata chembe, na hapo akagundua kwamba tangu mtoto aanze kusema alikuwa hajavuta pumzi. Aliiachia yote kwa mkupuo. Brina akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Si unaona," alisema.

Ndipo Romana akamwambia. Alimwambia habari za uuguzi, na za kitabu chooni kila jioni, na kwamba masomo mengine ya hesabu anayomfundisha yeye mwenyewe hayaelewi, anayakariri tu. Aliyasema bila mpangilio, na ni kweli alilia kidogo. Brina alisikiliza kama anavyosikiliza hadithi, amekunja uso.

"Kwa hiyo na wewe unaogopa."

"Ninaogopa sana. Kukuzidi wewe."

Walipotoka, Pavla alikuwa bado amesimama nje, viatu vyake vya mjini vimezama kwenye tope. Alikuwa amesikia, ubao wa kibanda kile ni mwembamba. Alimwondolea Romana nyasi iliyomganda nyweleni, akasema saa ataitia begini, halikuwa wazo zuri.

"Sasa mimi nimfundishe nani?" akauliza. "Au nirudi nyumbani?"

"Nifundishe mimi, mama mdogo," Romana alisema, na alipoisikia sauti yake mwenyewe alitamani kuyarudisha maneno. "Mwache Brina akae tu."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Pavla na Romana walikaa mezani na maswali ya hesabu, na Brina alipewa ruhusa ya kufanya anachotaka. Alilala tumbo chini kwenye benchi lililozunguka jiko la kuokea mkate na kitabu chake cha hadithi. Romana alipitia mateso. Jasho lilimtoka kwapani. Pavla hakuwa mwalimu laini. Jibu lisilo sahihi aliliita si sahihi, akasema "fanya tena," akasubiri akitazama nje. Romana alikosea, akafuta, akakosea upya. Siku moja aliinuka akatoka nje, akapasua kuni chache, kisha akarudi akakaa. Kutoka chumba cha chini Justina aliuliza kwa sauti kama darasa la wazee lina nafasi.

Brina hakuwa akifunua kurasa za kitabu chake. Romana aliliona hilo, lakini safari hii hakugeuka kumtazama.

Asubuhi moja, Romana akiwa amekwama kwenye kugawanya na Pavla ameangalia nje, sauti ilitoka kwenye benchi.

"Umesahau kushusha ile nne, Mama."

Romana aliitazama karatasi. Ni kweli, nne ilikuwa imebaki juu peke yake. "Hii hapa?"

"Hiyo. Shusha, halafu uanze upya."

Alishusha. Pavla aliendelea kutazama nje. Baadaye Brina aliteremka, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, na siku iliyofuata akakaa. Alitaka kukaa mahali asipoona uso wa Romana, kwa hiyo walikaa migongo ikielekeana, kila mmoja na karatasi yake, na kwa sauti waliambiana walipokwama. Si kwamba hofu ilikwisha. Zilikuwepo siku ambazo Brina alichana karatasi, na siku moja alitapika tena. Ila sasa alikosea kwa sauti, na aliyekosea pamoja naye alikuwa palepale.

Juni ilifika. Romana aliendesha gari kushuka bondeni akiwa hajala kitu. Kwenye korido ya shule palinuka rangi na sabuni, na Brina alipouona mlango wa lile darasa lake la zamani alisimama. Mwalimu aliyemsubiri alikuwa mwingine, kijana mwenye masharubu mepesi, aliyemwambia aingie atakapokuwa tayari. Romana, kando yake, alipumua kwa makusudi, ndani na nje, kama anayejifungua.

"Usinisubirie mlangoni," Brina alisema. "Subiri kwenye gari."

Ilikuwa ni safari ngumu kuliko ile ya mtoni. Romana alikaa garini amefunga vioo, akawaona watoto wakitoka kwa mapumziko na kurudi. Aliwaza Agosti. Aliwaza ahadi aliyoitoa. Alimpigia Silvo simu, akaikata kabla haijaita.

Brina alitoka akiwa mweupe kama unga, akaingia, akafunga mkanda.

"Kulikuwa na moja sikuijua kabisa," alisema. "Nikamwambia sijui. Akasema haya, nenda kwenye nyingine."

"Ukaenda?"

"Nikaenda."

Matokeo yalikuja wiki hiyohiyo. Lugha, tano, alama ya juu kabisa. Hesabu, mbili: chini yake kuna moja tu, ambayo ni kufeli. Justina aliuliza hiyo mbili ni ya kujivunia au ya kuficha, na Pavla, aliyekwisharudi Nova Gorica, akamjibu kwa simu kwamba ni ya kula nayo keki. Silvo alimrusha binti yake juu mpaka akapiga kelele. Romana alifurahi pamoja nao, lakini alipotulia wasiwasi ulirudi ukaketi mahali pake, kwa kuwa darasa la sita lilikuwa mbele yao, na vitabu vyake aliviona vinene.

Septemba Brina aliufungua ukurasa wa kwanza, akausoma wote, akaufunga.

"Mama, hii inanitisha," alisema.

"Na mimi pia," Romana alisema. Akavuta kiti, akampa mgongo kama walivyozoea, na wakaulizana nani aanze.