Siku Tulipompelekea Jirani Ndege ya Kivita

Enzi zetu, sisi watoto wa Kizanzibari tuliokulia Ilford, mtoto hakuwa na simu wala chumba chake. Alikuwa na ndugu wa kugombana naye, koti la kurithi, na jirani. Jirani yetu alikuwa Mama Nilesh, Mhindi wa Dar es Salaam, Kiswahili chake cha Kariakoo hasa. Ramadhani ikiingia, kabla ya magharibi lazima apelekewe sinia la futari. Watoto wa leo wanajua chakula huletwa na mtu wa pikipiki mwenye helmeti. Wakati wetu pikipiki tulikuwa sisi.

Mwaka huo baba aliniletea ndege ya plastiki ya kuunganisha, Corsair, ndege ya kivita ya zamani. Alininunulia mimi, mtoto wa kike, na mama aliguna wiki nzima. Baba alikuwa karani, lakini akikaa na gundi na vipande vile huwezi kumwambia kitu.

"Salma mwanangu," aliniambia, "hii haitui uwanjani. Inatua juu ya manowari, na manowari yenyewe inayumba!"

Nilijifunza kila kitu. Injini yake ya pistoni ilikuwa na silinda kumi na nane, na pangaboi lake lilikuwa kubwa mno hata ikabidi mbawa zipinde chini kwanza ndipo zipande juu, ili magurudumu yasiwe marefu na pangaboi lisikwangue sitaha. Mbawa zilikunjwa ndege nyingi zienee tumboni mwa meli. Mkiani palikuwa na kulabu ya kudaka waya wakati wa kutua, na ukiukosa waya, shauri yako. Pua nayo ilikuwa ndefu kiasi kwamba rubani hakuiona sitaha mbele yake, kwa hiyo alikuja kwa kuzunguka, akiichungulia meli kwa ubavu mpaka dakika ya mwisho.

"Kama mama yako anavyoegesha gari," baba alisema, kwa sauti ya chini sana.

Aliniahidi kwamba Idi tutaitundika darini pale sebuleni, kila mgeni aione. Duniani sikutaka kitu kingine.

Siku tuliyoipaka rangi, baba aliikunja mbawa, akaiweka juu ya sinia jikoni na kuifunika kawa, kile kifuniko cha ukili tunachofunikia chakula, isishike vumbi. Pembeni yake mama akaweka sinia la Mama Nilesh, lina kaimati na ndizi za nazi, nalo limefunikwa kawa.

"Seif, peleka sinia la jirani," mama alimwambia mdogo wangu. "Na usikimbie!"

Seif hakukimbia. Alichagua tu sinia jepesi.

Tulipokaa kufuturu, baba alifunua kawa kuangalia kama rangi imekauka, akakuta kaimati.

"Yarabi!" mama alishika kichwa. "Nimempelekea mwanamke wa watu ndege!"

Kabla sijavaa viatu niifuate, kengele ikalia. Mama Nilesh huyo, machozi yanamlengalenga, akamkumbatia mama.

"Mama Salma, jamani! Nani kawaambia leo birthday ya Nilesh? Baba yake yuko safari, hata simu hajapiga. Mtoto kalia tangu asubuhi, sasa anacheka peke yake!"

Mama akatutazama sote, mmoja mmoja. Nikajua ndege imekwenda.

"Ah, kitu kidogo tu, dada," alisema. "Nilesh si mtoto wetu?"

Nililia mpaka nikakosa hamu ya kula. Mama akaniambia sinia likishavuka mlango, kilichomo si chako tena. Baba alikula kaimati zote huku anatazama ukuta.

Lakini nilikuwa na tumaini moja. Kwa adabu zetu, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Nikajitolea kupeleka futari kila siku, nikiomba siku moja sinia lirudi na ndege. Lilirudi na chevda, likarudi na kachori, likarudi na achari ya embe. Ramadhani ile tulinenepa nyumba nzima, na ndege sikuiona.

Asubuhi ya Idi nilitumwa kupeleka visheti. Nikamkuta Nilesh sakafuni anaitua ndege yangu juu ya mkono wa kochi, moja kwa moja, pua mbele, mbawa bado zimekunjwa! Hasira zilinipanda nikasahau kulia.

"Unamuua rubani!" nilimpigia kelele. "Huyo haoni mbele! Fungua mbawa, halafu zunguka!"

Alinitazama, akaninyooshea ndege. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Tulitua na kuruka mpaka mama akaja kunitafuta. Tangu hapo kila nikitoka skuli nilipitia kwao, ndege ikiwa yake na urubani ukiwa wangu. Walipohamia Leicester, Nilesh aliipakata garini, akanipungia mkono. Nililia siku ile, na ndege sikuiwaza hata kidogo.

Bado naishi Ilford. Mwanangu wa kiume hurusha ndege kwenye simu, ikianguka anabonyeza, anapata nyingine, wala haulizi rubani kafa au kapona. Jirani yangu namjua kwa vifurushi vyake tu, vinavyoachwa kwangu akiwa hayupo. Ramadhani iliyopita nilimwambia binti yangu ampelekee kaimati. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba watu hawapelekewi chakula hivi hivi, pengine kitamdhuru, kwanza nimwandikie ujumbe. Nimwandikie wapi? Jina lake nalisoma kwenye vifurushi tu, namba yake sina.

Nilizipeleka mwenyewe. Niligonga, nikamsikia akitembea ndani, akasimama nyuma ya mlango, kisha akarudi alikotoka. Mimi niliyelia Nilesh alipopewa ndege moja ya plastiki, siku ile ningempa huyu bwana Corsair ya kweli, na silinda zake zote kumi na nane, ilimradi afungue mlango.