Vijiko Vitatu vya Shubiri

Mimi hubishania bei hata ya chumvi, na chenji naihesabu mara mbili. Juzi nikabishana na dawa.

Tumbo langu lilikuwa limefunga choo siku nne, nami ndiye mshenga wa mpwa wangu, nampelekea posa Iringa. Sokoni Mbeya mama muuza dawa akanipimia unga wa shubiri.

"Kijiko kimoja kwa siku, siku tatu. Usizidishe, baba, itakukausha maji."

"Nikimeza vyote mara moja, tunamalizana?"

"Dawa haina punguzo."

Nilipofika Iringa jioni nikameza vyote vitatu. Asubuhi kimya. Nikajua nimeuziwa vumbi.

Ukweni baba wa binti akataja mahari: "Ng'ombe kumi." Kabla sijajibu, tumbo likanguruma kama lori linalopanda mlima Kitonga. Nikachomoka kwenda chooni bila kuaga. Niliporudi, nikakuta wameshauriana.

"Usikasirike, mshenga. Tisa."

Nikachomoka tena. Nikakuta nane. Safari ya tatu, saba. Nilistaajabu kweli: miaka yote ya kubishana kwangu haijawahi kufanya ulichofanya unga ule mchungu.

Lakini sasa ulimi ulikuwa mkavu kama gunzi. Bibi wa binti akaniletea maji yenye chumvi na sukari, akanitazama mpaka nikamaliza.

"Hiyo ni shubiri. Umemeza vijiko vingapi?"



"Vitatu, bibi."

"Basi ng'ombe wetu watatu warudi."