Vifuniko Sita

Ukumbi wa maabara umekuwa kimya. Hakuna tena ndara zinazoburuzwa kutoka kwenye friji hadi dirishani na kurudi. Aliyeziburuza ni dada yangu, fundi wa maabara kwa miaka kumi na mmoja. Wenzake walimwita Mama Seli, maana alizilisha seli zake kama watoto.

Dada alipoteza utulivu mama yetu alipougua homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu. Homa ilipoa, vidole vikabaki vimekakamaa. Kila asubuhi dada ndiye aliyemfungia vifungo vya gauni.

"Hivi virusi viliingiaje bila hodi?" mama aliuliza.

Dada akamweleza: juu ya seli kuna vipokezi, mfano wa vishikio vya mlango, virusi hushika kimojawapo, na seli, ikidhani imepata mgeni wake, huvivuta ndani yenyewe.

"Basi seli zangu zina ukarimu wa kijinga."

Daktari, mkuu wa dada, aliamini virusi hivyo hutumia kipokezi cha aina moja tu, akapanga kutengeneza dawa ya kukiziba. Wakavitia kwenye chupa sita: tatu za seli za kawaida, tatu za seli zilizoondolewa kipokezi hicho. Siku ya tatu, za kawaida zilikuwa zimekufa zote. Zile zisizo na kipokezi, chupa mbili zilikuwa hai, moja imekufa.

"Umechanganya vifuniko," Daktari akasema. Kweli, dada alikuwa na tabia mbaya ya kuandika alama kwenye kifuniko badala ya ubavuni mwa chupa. "Andika kosa daftarini, tuitupe hiyo moja. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, usijitie kitanzi."

Dada akashika kalamu, akaiweka chini. Akaenda dirishani, akarudi. Mchana kutwa hivyo. Kisha akasema, "Daktari, kama nilichanganya, iliyo hai iko wapi? Upande wa seli za kawaida ingebaki chupa moja hai. Zote zimekufa."

"Mama Seli, unanichosha."

"Hata mimi najichosha, Daktari."

Hakuandika kosa. Aliandika kwamba huenda kuna mlango wa pili, wa polepole, akazirudisha zile chupa mbili kwenye kabati la joto. Kila saa alizichungulia, akitamani ziishi, akitamani zife. Siku ya saba zikaanza kufa. Daktari aliinamia hadubini kwa muda mrefu, akatoka. Dawa ya kuziba kipokezi kimoja isingemkinga mtu kama mama.

Mkataba haukuongezwa. Sasa dada anafundisha mwaka wa kwanza katika chuo cha mafundi wa maabara, ghorofa ya chini, Jumatatu hadi Alhamisi.